Majani mu kengele ya Kapita

30 Agosti 1953, Mpofi

Mimi Hilaire njo muwindaji wa kwanza mu Mpofi yote, na ukishuka mpaka Walikale hautapata wa pili. Niliua tembo na mukuki moja.

Sawa, basi. Tembo nilimukuta amekwisha kufa, na siafu walinitangulia. Mukuki nilichoma nyuma, juu watu waone tundu. Naandika hii kwa sababu Symphorien, katekista wetu, njo alinipa hii kaye ya kuandikia na kalamu. Akasema: "Papa Hilaire, kila jioni ujiulize, leo nimekosa nini? Uandike. Padri akikuja Noeli utakuwa tayari kuungama." Nikamuuliza kama iko na kaye ya pili, juu hii itajaa mbele ya Oktoba. Hakucheka. Yule muntu, nafikiri Mungu alimuumba siku ya mvua.

Nilisoma miaka mbili kwa Mapadri, wakanifukuza. Niliuliza Yona mu tumbo la samaki alikuwa anaenda choo wapi. Mpaka leo hakuna aliyenijibu.

2 Septemba

Mvua. Sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, imeungua kwa moto wakati nilikuwa natania jirani. Nimeikula vile vile.

5 Septemba

Leo niandike juu ya muke wangu.

Si muke wangu wa kweli, ule alikufa zamani. Ni Pétronille, muke wa mujukuu wangu Nestor. Lakini desturi yetu inampa babu ruhusa ya kumuita muke wa mujukuu wake "bibi yangu" na kumusumbua atakavyo, na mimi desturi yenye utamu kama hiyo siiachi. Nestor alimupata kule Karuba, mu milima ya Masisi, wakati alikuwa anafanya kazi kwa muzungu wa ng'ombe. Akamuleta huku kwetu mu pori kisha Pasaka. Muchana anatafuta jua na hapati, juu miti inamufungia mbingu. Alipanda maharagi nyuma ya nyumba, yakaoza. Akapanda tena.

Leo muchuuzi wa chumvi alipita, anatoka upande wa Masisi. Akamupa Pétronille kipande cha sabuni ya harufu nzuri. Nilikuwa karibu, nilisikia na masikio yangu: "Mama yako ananituma, anasema uoge ukumbuke nyumbani." Pétronille akanusa ile sabuni mpaka machozi ikatoka.

Watu wakakusanyika kununua chumvi, na mimi, kuona watu, siwezi kunyamaza. Nikapaza sauti: "Muone ile! Bibi yangu iko na bwana mwingine! Mimi mwenye nguvu zangu zote sijapewa hata povu, na huyu wa chumvi analeta sabuni!"

Watu wakacheka sana. Pétronille akaficha uso na kitambaa, anacheka naye. "Tate," akaniambia, njo kusema babu, "wewe utakufa na mudomo wazi." Hata ndugu yangu mudogo Marcellin alitabasamu, na yeye ndiye mukubwa wa uwindaji wetu, muntu anayehesabu meno kabla ya kuyaonyesha.

9 Septemba

Kesho tunapiga nyavu. Marcellin amepita mu nyumba zote na maagizo yake: wanaume walale peke yao, wanawake kesho wakae kwao, wasifagie, wasiongee na mugeni mpaka nyavu zirudi. Sisi wote ni Wakristo. Marcellin yeye ndiye anabebaka musalaba siku ya Ijumaa Kuu. Lakini kwa nyama ya pori tunarudilia mambo ya wazee bila kumusumbua Yesu.

Mimi nitaenda na mbwa wangu Kapita. Nilimuita vile juu ya kapita, nyapara wetu wa kazi ya barabara: wote wawili wanakula kwanza, kazi wataona kesho. Mbwa zetu hazibweki. Kwa hiyo tunawafungia kengele ya muti kwenye shingo, yule anayengoja nyuma ya wavu na mukuki ajue wanatokea wapi na nyama inakimbilia wapi. Wakati wa kwenda, tunajaza majani ndani ya kengele isilie. Mukifika pahali, unatoa majani, unaachilia mbwa. Hata mutoto anajua.

12 Septemba

Juzi na jana sikuandika. Leo nitaandika yote, sawasawa ilivyokuwa.

Tulifunga nyavu mu bonde, karibu na muto. Mwisho wa kushoto alikaa Nestor na mukuki. Sisi wenye mbwa tulizunguka juu, mbwa tatu, wanaume saba ao nane. Marcellin yeye alikuwa katikati ya nyavu, mbali na sisi. Tulikuwa tunangoja afanye sauti ya ndege, ile alama yake. Na mu kungoja, nikaanza kuwaelezea namna kapita wa barabara alivyoanguka mu choo kipya siku Ajenti, muzungu wa serikali, alipokuja kukagua. Wanaume wanaweka mukono kwa mudomo, wengine wanauma kitambaa wasisikike. Na mimi nafurahi, namna hiyo! Kidole changu kilikuwa tayari ndani ya kengele ya Kapita. Ninakumbuka majani ilikuwa ya baridi, yenye umande. Njo nilikuwa nafika pale ambapo Ajenti anauliza "Kapita iko wapi?" na sauti inajibu kutoka chini. Ndege ya Marcellin ikalia. Nikatoa kidole kuonyesha namna kapita alivyoinua mukono kutoka mu shimo. Wakapasuka kicheko. Na mbwa akaenda.

Sikutoa majani. Nilionyesha mukono wa kapita, na majani ikabaki.

Kengele za mbwa wawili zikalia upande wa kuume. Nestor akasikia, akageukia kuume, mukuki ukamuelekea kule. Kapita wangu alishuka kushoto, kimya sawa moshi, na mbele yake nguruwe. Nguruwe akatoka nyuma ya goti la Nestor. Meno yake ilipasua paja la mujukuu wangu mpaka mufupa ukaonekana mweupe.

Tulimufunga na nguo, tukamubeba. Njiani Kapita alikuwa anatufuata. Nikasikia, ao niseme, sikusikia. Anatembea karibu na muguu wangu, anatikisa kichwa, na hakuna sauti. Njo nilijua. Nikainama kama muntu anayefunga mbwa. Nikatoa majani yote. Tulipovuka muto nikayatupa mu maji.

Kusahau ni kusahau. Lakini ile kutupa, nilifanya na akili yangu yote. Symphorien, uliniambia niandike makosa. Basi iko mbili.

13 Septemba

Mvua. Nestor iko na joto. Kesho nitasema.

15 Septemba

Mvua. Muto umejaa, umechukua pirogi ya kuvukia na miti ya daraja. Munganga wa dispansere, ule mwenye sindano, iko ngambo, hatuwezi kumubebea mugonjwa. Pétronille anaosha kidonda na maji ya moto na ile sabuni ya mama yake. Anaosha polepole, anatazama pale anaposhika. Mimi nilikaa mulangoni, nikatafuta neno la kumuchekesha. Sikupata. Kesho nitasema.

16 Septemba

Mvua.

18 Septemba

Kidonda kinanuka. Wazee walikutana kwa Marcellin. Nilikuwa nimejiahidi: leo njo siku.

Marcellin akaanza: "Nguruwe hapigi muntu bure. Nestor ni muwindaji mwenye macho. Kama alifungwa macho, kuko mu nyumba yake aliyeyafunga." Wote wakamutazama Pétronille, amesimama na chungu cha maji.

"Mama," Marcellin akamuambia, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "hatutaki kukupiga. Tunajua desturi hizi wewe ulizikuta. Lakini muke akitembea na mwanaume mwingine wakati bwana iko mu pori, kidonda hakiponi mpaka aseme jina. Sema jina, mugonjwa apone."

"Papa, sina jina. Nilikaa mu nyumba. Hata sikufagia."

"Na sabuni?"

"Ya mama yangu."

Marcellin akanigeukia mimi. "Kaka, si wewe mwenyewe njo ulisema, mbele ya watu wote? Bwana mwingine wa sabuni?"

"Nilikuwa natania," nikasema.

"Wewe unataniaka na vitu unavyoona. Ile njo inafanya tunacheka."

Ile saa mulango ulikuwa wazi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: kengele. Lakini nikaona macho ya wale wanaume wa mbwa, waliocheka na mimi kule juu. Nikaona uso wa Marcellin, ambaye tangu utoto ananiita muntu wa upepo. Nikasema: "Kama sabuni inaita nguruwe, mimi nitakufa muzee, sijaoga tangu Pasaka."

Wakacheka. Hata mimi nilisikia kicheko changu. Pétronille peke yake hakucheka. Alinitazama namna unamutazama muntu uliyemuita mu moto na yeye akajibu kwa wimbo.

19 Septemba

Mvua.

21 Septemba

Wamemukataza Pétronille kugusa kidonda. Analala mu jikoni. Sasa wanawake wa ukoo njo wanaosha, haraka haraka, na kitambaa kile kile. Nestor anasema maneno ya kuweweseka, anaita ng'ombe za muzungu kwa majina.

Symphorien alikuja. Nikafikiri yeye atasimama upande wa Pétronille. Alimusomea habari ya mwanamuke mwenye zambi aliyesamehewa! Nilimuuliza inje: "Katekista, na kama hana zambi, utamusomea nini?" Akasema: "Papa Hilaire, kila muntu iko nayo." Ni kweli, lakini haisaidii.

Ningemuambia yeye. Mudomo ukafunguka, na kilichotoka ni utani juu ya kofia yake.

24 Septemba

Leo Pétronille amesema jina.

Nestor asubuhi hakumutambua muntu hata mumoja, na taya yake ilikuwa inagongana. Pétronille akatoka jikoni, akapita katikati ya kiwanja, mvua inamunyeshea, akaenda kupiga magoti mbele ya Marcellin. "Ni muchuuzi wa chumvi," akasema. "Mara moja. Sasa apone."

Nilikuwa natengeneza mupini wa jembe. Jembe likanikata kidole. Ninajua kwamba anasema uongo. Yeye anajua. Mungu anajua. Ni sisi watatu, na hakuna aliyefungua mudomo.

Marcellin akamuinua na mikono yake. Akamushukuru. Macho yake ilikuwa na machozi ya kweli. Njo pale nilianza kumuona vizuri huyu ndugu yangu: si mubaya. Anamupenda Nestor kuliko mimi ninavyojua kupenda. Anatafuta dawa mu giza, na mimi mwenye taa nimeiketia.

25 Septemba

Mvua imesimama.

27 Septemba

Muto umeshuka. Vijana walitengeneza tipoyi, kitanda cha kubebea, wakamuvusha Nestor. Munganga alitoa usaha, akamupiga sindano, akasema akae kwake.

9 Oktoba

Habari imetoka dispansere: joto imeisha, anakula. Marcellin alikuja kwangu na kibuyu cha kasikisi, pombe ya ndizi, tukakunywa. "Unaona, kaka? Alisema jina, mvua ikasimama siku ya pili."

Nikamuambia: "Ni sindano."

"Na sindano ilipita wapi, kama muto haukushuka?"

Nikaweka kibuyu chini. Nikashika magoti yangu na mikono miwili, isiende kuonyesha kitu. Nikasema polepole: "Marcellin. Ni kengele ya Kapita. Nilisahau kutoa majani. Nilikuwa naongea. Mbwa alishuka kimya, Nestor hakumusikia. Pétronille hana kosa."

Akanitazama. Mudomo wake ukaanza kucheza pembeni. Akapiga paja, akacheka, akaita muke wake, akaita majirani: "Mukuje musikie! Huyu muzee anamupenda bibi yake mpaka anajipaka mavi yeye mwenyewe!" Nikarudilia. Wakacheka zaidi. Mumoja wa wale wenye mbwa akasema yeye aliona kidole changu mu kengele, na macho yake. Ni kweli, kilikuwa ndani. "Na majani iko wapi?" Marcellin akauliza, anapangusa machozi. "Utuonyeshe."

"Niliyatupa mu muto."

Yule mwenye mbwa akaanguka kwa kicheko.

Maisha yangu yote nilitafuta kuchekesha namna ile, na sikuwahi kufika.

10 Oktoba

Mvua. Nimepika sombe. Nilikaa karibu na chungu, sikuongea na muntu, nikaitazama mpaka ikaiva. Haikuungua. Nimeshindwa kuimeza.

25 Oktoba

Nestor amerudi na fimbo. Goti halikunjiki, na munganga anasema halitakunjika. Nilienda kumuona peke yake. Nikamuelezea yote, kuanzia choo cha kapita mpaka muto. Sikuonyesha kwa mikono, sikuiga sauti ya muntu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika bega. "Tate," akasema, "wewe ni muntu muzuri. Lakini yeye mwenyewe njo alisema."

"Alisema juu upone."

"Na nikapona."

Uso wake umezeeka. Aligeukia ukuta. "Usimutetee, Tate. Kila mara ukimutetea, ninaona yule muntu wa chumvi."

2 Novemba

Siku ya wafu. Mvua. Nilifagia kaburi la muke wangu, yule wa kweli. Nilifagia jani moja moja.

14 Novemba

Leo Evode, kaka yake Pétronille, amefika kutoka Karuba kumuchukua. Kijana murefu, mwenye aibu, matope mpaka kwenye magoti. Hakukaa, hakukubali hata maji. Marcellin akamuambia mambo ilivyokuwa, na Evode akasikiliza akitazama vidole vya muguu wake. Akamuambia dada yake: "Beba, tuende. Papa hataki kukuona mbele ya watu, utaingia kwa nyuma."

Nestor alibaki ndani.

Nikawafuata mpaka mwisho wa mashamba. Pétronille alikuwa na mukeka na vyungu viwili kichwani, amevifunga na kamba. Nikamuita. Akasimama, hakugeuka. Evode yeye alikuwa amekwisha kutangulia.

"Bibi yangu," nikasema, kisha nikaona aibu ya lile neno. "Mwanangu. Ni kengele. Nilisahau majani mu kengele ya mbwa. Njo maana Nestor hakusikia. Ni mimi."

Muntu wa kwanza ambaye hakucheka.

Kamba ya vyungu ilikuwa inamukata kwenye paji la uso. "Tangu siku gani unajua?"

"Tangu njiani, tulipokuwa tunamubeba."

"Sasa njo unaniambia, Tate? Muzigo iko kichwani?" Sauti yake haikupanda. "Mimi nilijitia uchafu juu apone. Wewe ulikuwa na dawa mu mudomo, na ukaniambia hujaoga tangu Pasaka."

"Niliwaambia kisha. Hawakusadiki."

"Kisha," akasema. Akatengeneza kamba, akaenda. Pale njia inapanda, aliteleza mara moja mu matope, akashika muti, hakuanguka. Nilitaka kupiga makelele aangalie pahali pa kukanyaga. Nani wa kumuambia vile? Mimi?

15 Novemba

Mvua.

20 Novemba

Mvua.

29 Novemba

Kuko vitu naona sasa, juu sisemi tena. Naona Marcellin akila, anamegea wengine kwanza, kisha anakula kilichobaki, na tangu tuko watoto sikuwahi kuona. Naona Nestor anafika nyuma ya nyumba, anasimama na fimbo yake karibu na maharagi, yale ya kupanda mara ya pili. Imeota. Hachumi, na haruhusu muntu kuchuma.

Nikifunga kamba, nafunga kamba. Nikikata kuni, sina neno lingine mu kichwa. Watu wanauliza: "Papa Hilaire ni mugonjwa?" Watoto hawanifuati tena. Ningejifunza hii nikiwa na miaka ishirini, ningekuwa muntu. Nimeijifunza wakati haina tena mwenye kufaidi. Nashika vizuri, na mikono haina kitu.

8 Desemba

Mvua haikuisha siku nzima. Symphorien anasema kesho anaondoka kwenda mukutano wa makatekista upande wa Masisi. Nimemuuliza njia. Anasema atalala Karuba.

Jioni hiyo hiyo

Symphorien, hii ni kwako. Nitakupa kaye kesho asubuhi, usome njiani. Nikikuambia kwa mudomo utatazama uso wangu, na uso wangu umekwisha kuharibika, kila muntu akiuona anatayarisha meno. Kwa karatasi hakuna uso.

Ulisema niungame kwa Padri. Nitaungama. Lakini Padri atanisamehe na kufunga mudomo, njo kazi yake, na Pétronille ataendelea kuingia kwa nyuma. Mimi nataka kitu cha kinyume.

Mwaka jana, muke wako alipokuwa anazaa, nilimaliza paa lako upande wa magharibi peke yangu, na uliniambia: "Papa Hilaire, siku moja uniombe kitu." Mpaka leo haivuji hata tone, na sikuwahi kuomba. Leo naomba.

Ukifika Karuba, uulize kwa baba yake Evode. Usiingie ndani. Simama mu kiwanja, wakati watu wanarudi kutoka mashamba, wakiwa wengi, na useme: Mbwa wa Hilaire alishuka na majani mu kengele. Hilaire alisahau kuyatoa, kisha akayaficha. Pétronille alijisingizia juu bwana yake apone.

Useme Kihunde, lugha yao, juu Kiswahili wazee wa kule hawakifuatilii. Hauko na lazima ya kueleza mimi ni muntu wa namna gani. Kule hakuna anayenijua, Symphorien. Ni pahali pamoja kwenye naweza kusadikiwa.

Mama yake anasikia kwa sikio la kuume tu, Pétronille aliniambia zamani. Ukae upande ule. Na tafadhali, ukisema, usicheke.